Avae Hedifoni

Katika ukumbi wa bodi ya maji kulikuwa na meza kubwa ya mviringo, viti vya ngozi bandia vilivyoanza kumenyeka mikononi, na kwenye kona, kati ya kabati la majalada na dirisha lisilofunguka, palibanwa meza nyingine ndogo kama ya mwanafunzi wa darasa la kwanza. Hapo ndipo alipokaa mwendeshaji wa vikao. Ukiingia kwa haraka ungemdhania sehemu ya kabati. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye sauti ya chini hivi kwamba watu walizoea kumkata kwa "eh?" kabla hajamaliza sentensi, na wajumbe walikuwa wamempachika jina la Binti Kitufe, kwa kuwa ukumbini mle hakikufunguka kitu wala kufungwa bila kidole chake.

Kanuni ilitaka vikao vya bodi virushwe moja kwa moja. Watu waliopanga foleni ya ankara ukumbi wa chini walivitazama kwenye skrini ya ukutani, na wenye muda wao walivifuata kwenye simu. Lakini yalikuwapo mambo yasiyofaa masikio ya kila mtu: zabuni, kesi, watumishi. Likifika jambo la namna hiyo, mwenyekiti husema "tunaingia faragha," naye mwendeshaji hubonyeza. Matangazo hukatika, skrini ya chini huonyesha picha ya bomba linalotiririka, na sauti za ukumbini huenda mahali pawili tu: kwenye kinasa, na kwenye hedifoni za mwendeshaji, ili awe na hakika kwamba kila neno linanaswa.

Mfumo wenyewe ulikuwa na wasiwasi kama mama mwenye binti mmoja. Kila baada ya muda mfupi ulimuuliza mwendeshaji kama faragha bado inaendelea, na asipojibu, ulidhani watu wameshatawanyika, ukafungua matangazo. Mwendeshaji aliyemtangulia aliwahi kutoka kwenda msalani, tumbo likamchelewesha, na mji mzima ukamsikia mjumbe mmoja akieleza kwa kirefu anavyomwona mkandarasi wa matangi, ukoo wake na sura yake. Kuanzia siku ile ikawa amri: faragha ikianza, mwendeshaji habanduki kitini, hata nyumba iwake moto.

Jumatano moja, Binti Kitufe aliamka kabla ya jogoo. Maktaba ya mji mwingine, mbali, ilikuwa imemkubali kazi katika chumba cha watoto. Ndicho alichosomea chuoni. Alikuwa mtu wa kutetemeka akiulizwa saa na mtu mzima, lakini akikaa chini na watoto na kitabu mapajani, sauti ilimtoka yenyewe, ya simba na ya panya, bila kuombwa. Maktaba ilitaka kitu kimoja tu: barua ya bodi ya kumwachia, ifike kabla Ijumaa haijaisha. Isipofika, nafasi anapewa mwingine.

"Umemkumbusha mwenyekiti?" wifi yake alimuuliza jikoni, mke wa kaka yake; binti aliishi kwao.

"Nilimpa barua ya maombi mkononi."

"Nimekuuliza umemkumbusha, sijakuuliza umempa. Wifi yangu wewe, ukikanyagwa mguu unaomba radhi. Ingia pale, kohoa, sema 'mzee, barua yangu.' Maneno matatu tu!"

"Ipo kwenye ajenda, wifi. Nimeiandika mwenyewe."

"Haya. Ila ukirudi bila jibu, leo unalala na mbuzi."

"Hatuna mbuzi."

"Nitanunua."

Kweli ilikuwamo kwenye ajenda. Jambo la sita, la faragha: shauri la mtumishi. Na kanuni ilikuwa wazi kama kioo, kwamba mtumishi anayejadiliwa hutoka nje. Ila ilipofika zamu ya jambo la sita, mwenyekiti akasema "tunaingia faragha," binti akabonyeza, bomba likaanza kutiririka huko chini, mlango ukafungwa na mapazia yakavutwa, ndipo wajumbe walipotazamana. Anayepaswa kutoka ndiye yule yule asiyepaswa kubanduka.

"Sasa?" akasema mwenyekiti. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee mwenye miwani mbili, moja usoni na moja mfukoni, na wote walimwita Mzee.

"Atoke, halafu nani aujibu mfumo?" aliuliza mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, ambaye wenzake walimwita Bwana Simenti. "Mimi hata rimoti ya nyumbani ananishikia mjukuu."

Mwanasheria wa bodi, kijana mwenye tai iliyombana kuliko lazima, alikuna kidevu. Kisha uso ukamng'aa.

"Abaki, lakini asisikie. Avae hedifoni. Aweke muziki."

"Hapo umesema!" alishangilia Bwana Simenti.

Binti alifungua mdomo. "Lakini Mzee, hizi hedifoni zenyewe ndizo..."

"Eh? Usiogope, binti," mwenyekiti alimkatiza kwa upole. "Hatutachukua muda. Vaa tu."

Akavaa.

Ndivyo ilivyokuwa. Watu wazima watano, wenye akili timamu na vyeti vya ukutani, walimvisha masikioni sauti yao wenyewe, safi kuliko ambavyo angeisikia kwa masikio matupu, kisha wakaamini kwamba hasikii. Alisikia mwanasheria akifungua kifuniko cha kalamu. Alisikia mwenyekiti akivuta pumzi kabla ya kusema.

Angeweza kushusha sauti. Hilo lazima lisemwe. Kigurudumu kilikuwa pale, chini ya kidole chake, na kidole kilishakigusa. Alitaka kwa moyo wote kuwa mtu mwaminifu. Lakini sauti ya kwanza iliyoingia ilikuwa ya mama mweka hazina, mama wa makamo mwenye mtandio wa zambarau, aliyemwita "mwanangu" na kumletea dawa ya kikohozi akikohoa. Mama huyo alisema, "Mimi huyu nampenda kama niliyemzaa, na ndiyo maana nasema asiende."

Kidole kikagandia pale pale.

"Barua yake inatimiza masharti yote," alisema mwanasheria. "Hatuna sababu ya kumkatalia."

"Nani kasema tukatae? Tukikataa ataumia. Tumwambie bado inashughulikiwa. Leo bado, kesho bado, mpaka Ijumaa ipite. Nafasi ikishapotea, atabaki mwenyewe, na hakuna aliyemfukuza wala kumfunga."

"Na akilia?" aliuliza Bwana Simenti.

"Atalia siku mbili, atanyamaza. Ni mtoto mtulivu. Mnamjua."

Binti alikodolea macho skrini. Ilikuwa na dirisha dogo la kuuliza kama faragha inaendelea. Akabonyeza ndiyo. Mikono yake ilifanya kazi kama kawaida, na hilo lilimtisha. Mwili wake ulikuwa umejifunza kutii hata bila yeye kuwepo.

Wote walikuwa wamemkabili. Hapo ndipo alipotambua ubaya wa kona yake. Siku zote aliipenda kwa kuwa hakuna aliyemtazama pale, na leo wote walikuwa wakimtazama, huku wakimjadili, kama watu wanaoamua pa kuliweka jokofu. Akigeuza uso, watajua. Akifuta jasho, watajua. Feni ilizunguka juu ya meza yao, upepo wake ukiishia kwenye kabati. Alitikisa kichwa kidogo, mara moja na mara nyingine, kama anayefuata wimbo, akajichukia kwa kutikisa.

"Tumnunulie kiti cha kuzunguka," Bwana Simenti alikuwa akisema. "Hiki alichokalia kina mguu mmoja mfupi. Mtu anaweza kukimbia kazi kwa sababu ya kiti. Mke wangu wa kwanza aliondoka kwa sababu ya godoro."

"Aliondoka kwa sababu yako," alisema bibi mmoja upande wa pili. Huyu alikuwa mkunga mstaafu, mjumbe wa wananchi, ambaye kwa kawaida alifuma soksi chini ya meza tangu kufunguliwa kikao hadi kufungwa.

Kicheko kilimpanda binti kutoka tumboni bila kubisha hodi. Alibana midomo. Mabega yakamtikisika.

"Mbona anacheka?" aliuliza mama mweka hazina kwa mashaka.

"Labda wimbo una vichekesho," alisema mwanasheria.

Cha kushangaza, kicheko kilipopita, machozi yalikuwa yamesimama nyuma yake tayari, kama watu wawili walioingia kwa mlango mmoja. Akajifanya kupiga miayo ili apate ruhusa ya kufuta macho.

"Mimi nimezalisha nusu ya mji huu," mkunga aliendelea, sindano zikigongana. "Sijaona mtoto anabakizwa ndani kwa sababu mama kamzoea tumboni. Wakati umefika, anatoka. Mkimzuia mtaua wawili."

"Bibi, hapa tunazungumzia mfumo wa vikao," alisema mama mweka hazina. "Huyo akiondoka, nani ataufungua? Kila mwaka tunasema atafundishwa mtu wa pili. Kafundishwa nani? Hakuna. Ukweli ndio huo. Tumejifunga naye kamba moja."

"Basi kamba tumefunga sisi."

"Na hana makuu, masikini," mwenyekiti alisema taratibu, kama anayejisemea. "Huyu ukimwambia kaa, atakaa. Hata sababu hatauliza."

Maneno hayo hayakusemwa kwa ubaya. Yalisemwa kwa mapenzi, na ndiyo maana yalimwingia kuliko yote. Laiti wangemsema vibaya! Angekasirika, na mwenye hasira huona mlango. Lakini walimsifu, wakamsifu tena, na kila sifa ilikuwa tofali, na lilipowekwa la mwisho alijikuta amejengewa chumba kizima asichoweza kukipigia kelele. Angesema nini? Ameyasikia wapi? Aliapa kutunza siri za faragha, akatia sahihi. Akitoka na haya kifuani, hawezi kumwambia hata wifi. Kesho mama mweka hazina atampa dawa ya kikohozi na kumwambia bado inashughulikiwa, mwanangu, naye atajibu ahsante, mama. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikijibu hivyo. Ilikuwa sauti nzuri tu, ya adabu.

Mwenyekiti alipunga mkono hewani. Binti akaendelea kutazama skrini. Bwana Simenti akapunga kwa mikono yote miwili kama anayeongoza lori kurudi nyuma. Hapo binti akavua upande mmoja wa hedifoni, akainua nyusi.

"Binti, tufungulie kura."

"Hoja isomekeje, Mzee?"

Mfumo haukufungua kura isiyo na maneno ya hoja. Mwanasheria mwenyewe ndiye aliyeagiza hivyo, baada ya mabishano ya mwaka uliopita ambapo kila mtu aliapa kwamba amepigia kura kitu kingine.

"Andika... hoja kuhusu utumishi," alisema mwanasheria.

"Sasa mimi nikibonyeza ndiyo," aliuliza Bwana Simenti, "nitakuwa nimesema a... nitakuwa nimesema lile la kwanza, au lile la pili?"

"La mama," mwanasheria alisema kwa meno yaliyobanwa.

"La mama lipi? Mama kasema mengi."

"Si mumwambie tu mtoto wa watu?" alisema mkunga.

"Andika 'kama ilivyojadiliwa,'" mwenyekiti aliamua. "Sote tunajua kilichojadiliwa. Inatosha."

"Sawa, Mzee."

Akaweka vidole juu ya vibonyezo. Aliandika herufi ya kwanza ya "kama," kisha akaiangalia. Hakuwa anafikiria ushujaa. Kusema kweli alikuwa anamfikiria wifi. Maneno matatu, wifi alimwambia, kohoa useme maneno matatu, naye hakuyaweza hata leo, midomo ilikuwa imekauka kama karatasi. Lakini vidole havikuhitaji midomo. Akaifuta ile herufi, akaandika upya, bila kusimama, neno kwa neno kama alivyosikia, akabonyeza.

Vishikwambi vya kupigia kura, kimoja mbele ya kila mjumbe, vililia kwa pamoja mezani. Wajumbe wakainamia kusoma.

*Kwamba mwendeshaji wa vikao aambiwe barua yake bado inashughulikiwa, leo bado, kesho bado, mpaka Ijumaa ipite. Ndiyo au Hapana.*

Sindano za mkunga zilisimama.

"Umeyatoa wapi maneno haya?" aliuliza mwenyekiti.

Binti alivua hedifoni, akaziweka juu ya meza yake ndogo. Kwa kuwa hakuna aliyezungumza, kila mtu aliisikia sauti ya feni ikitoka ndani ya hedifoni hizo, ndogo na safi, kisha pumzi ya mwenyekiti mwenyewe.

"Hizi ndizo za kusikilizia kikao, Mzee. Nilitaka kusema."

Bwana Simenti alicheka, akaona yuko peke yake, akakimeza kicheko kama kidonge. Mama mweka hazina alivuta mtandio hadi mdomoni.

"Mwanangu," alisema. "Mimi sikuwa na nia..."

"Najua, mama."

Mwanasheria alikuwa ameshasimama. "Kikao kimeharibika! Mhusika amesikia. Jambo lifutwe lote, tulianze upya mwezi ujao, kwa utaratibu."

Mwezi ujao. Binti aliona mlango mwingine ukifungwa, safari hii kwa adabu na kifungu cha sheria.

"Lifute, binti," alisema mwenyekiti, kama mtu aliyepata nafuu. "Kuna kitufe cha kufuta, sivyo?"

"Kipo, Mzee."

"Basi bonyeza."

Hakubonyeza. Ukumbi ulimsubiri, kama ulivyozoea kumsubiri, kidogo tu, maana siku zote hakuchelewa. Dirisha dogo liliuliza kama faragha inaendelea, akalijibu ndiyo, kwani hakutaka kumwaibisha mtu yeyote mbele ya mji. Kisha akaweka mikono mapajani.

"Kiko hapa chini, kulia, chekundu," alisema. "Anayetaka aje abonyeze mwenyewe. Mimi sitaweza."

"Eh?" alisema mwenyekiti.

"Sitabonyeza, Mzee."

Ilikuwa safari fupi, kutoka meza kubwa hadi meza ndogo. Mwanasheria alimtazama mama mweka hazina. Mama akatazama kucha zake. Bwana Simenti akachunguza dari. Kujadili walikuwa wamejadili, lakini hakuna aliyetaka kuonekana akivuka ukumbi kwa miguu yake kwenda kumfungia mtoto huyu mlango, hali yeye anamtazama.

"Kura iko wazi," mkunga alisema, akaweka soksi kando. "Nami yangu nimeshapiga."

Mmoja mmoja wakabonyeza. Bwana Simenti alibonyeza akiwa ameugeuzia mgongo ukumbi mzima. Mbili zilikuja ndiyo, mbili hapana. Mfumo haukutaja majina, wala binti hakutaka kuyajua. Ikabaki ya mwenyekiti.

Mzee alivaa miwani ya mfukoni, akavua, akavaa ile nyingine. Kisha akafanya alivyofanya katika kila kura tangu mfumo uletwe: akainua kishikwambi chake.

"Binti, njoo unibonyezee."

Akaenda. Alisimama pembeni ya kiti chake, karibu kiasi cha kusikia harufu ya dawa ya kuchua magoti. Aliona mkono wake ukitetemeka, si kwa hasira, kwa uzee. Aliona kola ya shati iliyogeuzwa na fundi ili idumu. Na hapo, kuliko alipokuwa konani, ndipo alipobanwa kweli kweli, kwa kuwa alimhurumia. Nani atamtafutia faili lake la ajenda? Nani atamkumbusha kuzima kipaza sauti akipiga chafya? Maneno "basi nitabaki, Mzee" yalimfika hadi kwenye ulimi, matamu, ya kumaliza shari. Kuyasema kungekuwa rahisi kuliko kuvuta pumzi. Aliyashikilia pale kwa meno.

"Nibonyeze ipi, Mzee?" aliuliza.

Mwenyekiti alimtazama. Katika kura zote zilizopita alitaja jibu lake kabla binti hajauliza. Sasa alihitaji kulitamka, kwa mdomo wake, akimwangalia machoni, na ilionekana hakuwa amelifikiria hilo alipokuwa akisema hana makuu, hatauliza.

Alikirudisha kishikwambi mezani, akakisogeza karibu na miwani, akanyoosha kidole chake mwenyewe. Kidole kiliyumba juu ya kioo, kikakosa, kikarudi, kikatua.

Hapana.

"Hoja imeanguka," alisema. "Andika nyingine."

Binti alirudi kwenye kona. Kiti chenye mguu mfupi kiliyumba alipokikalia.

"Isomekeje?"

"Wewe unajua."

"Iseme wewe, Mzee. Ndiyo kanuni."

Mwenyekiti akasema kwa mwendo wa mwalimu anayesomea darasa imla, akiacha nafasi ya kalamu baada ya kila neno: "Kwamba. Mwendeshaji wa vikao. Aachiwe. Aende. Na barua itoke leo."

Vidole vya binti vilifuata nyuma yake. Vishikwambi vikalia tena.

Kabla hawajabonyeza, Bwana Simenti aliuliza, na safari hii bila utani: "Na kikao kijacho, nani atatufungulia?"

Wote wakamgeukia binti. Jibu alikuwa nalo, alikuwa nayo hata majibu matatu: angekuja siku za mapumziko, angewaandikia maelekezo ukurasa kwa ukurasa, angewapigia simu. Yote yalikuwa tayari kinywani, kama yalivyokuwa tayari siku zote. Aliyaacha humo. Swali likakaa katikati ya meza yao, wakalitazama wao wenyewe, nayo kura ikaanza kuingia.